Kipima mwangwi cha kilohezi 200 katika maji ya kina kifupi

Msimu mzima nimekuwa nikikitumia kifaa hiki, kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake, kukadiria wingi wa samaki katika maji ya pwani yasiyozidi kina cha mita 8, nacho kimenifaa sana, ila si kwa namna niliyoelekezwa na aliyeniuzia. Yeye alinishauri nikifunge ubavuni mwa mashua, uso wake ukielekea chini. Katika maji ya mita 5, mwale wa sauti wenye upana wa nyuzi 7 hufunika duara la sentimita 60 hivi pale sakafuni, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyozidi kuwa mwembamba, hata samaki wanaoogelea karibu na uso wa maji, au waliokwisha kukimbia ngurumo ya injini, hawahesabiki kabisa.

Nilipokigeuza kikatazama pembeni, kilianza kuwapata samaki kabla mashua haijawakurupusha. Hata hivyo, samaki akijipinda kidogo tu mwangwi wake hubadilika mno, kwa hiyo vipimo vya pembeni navitumia kuhesabu, wala sithubutu kukadiria urefu wa samaki kwavyo. Siku ya mawimbi mapovu huichafua picha yote, na dawa yake ni kurudi nyumbani.

Kinachonifurahisha zaidi ni pigo fupi la sauti, la sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kwa kuwa sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde baharini, samaki wawili ambao umbali wao kutoka kwenye kifaa umepishana kwa sentimita 8 tu huonekana kama alama mbili, na hata anayenyemelea juu kidogo ya mchanga hutengana na sakafu.

Usahihishaji wa vipimo usiurukwe. Mimi huning'iniza tufe la tangsteni kabaidi (kitu kigumu mno ambacho nguvu ya mwangwi wake inajulikana) lenye kipenyo cha milimita 38.1 kwa nyuzi tatu za mshipi, nikalisogeza taratibu ndani ya mwale hadi alama yake itulie kwenye skrini. Kazi hiyo hunimalizia asubuhi nzima.

Spishi kifaa hakizitambui. Mwangwi mwingi hutoka kwenye kibofu cha hewa, na samaki asiye nacho, kama papa au taa, husikika kwa unyonge kuliko ukubwa wake, hivyo nyavu hutegwa siku ileile ili kujua ni samaki gani waliopo.

Kasoro iliyoniudhi ni plagi ya kebo: chumvi ilipenya mwezi wa pili, na muuzaji alichukua wiki sita kuileta nyingine.