Laptopu ya gemu: kuongeza kasi au kupunguza volti?

Wacheza gemu wa Kirumba na Nyegezi, Mwanza, hawaishi kubishana kuhusu hili: kuzipandisha chipu kasi kupita ya kiwandani, au kuzipa umeme kidogo zaidi ili zisipate joto sana. Kwa gharama hakuna ubishi: programu ya MSI Afterburner ni ya bure kwa njia zote mbili kwenye kadi ya grafiki, na ThrottleStop ni ya bure kwa prosesa za Intel.

Joto ndilo linaloamua. Kadi ya grafiki ukiipandisha megahezi 25 kila hatua, huku ukiijaribu, gemu hulainika kidogo, ila feni hupiga kelele zaidi. Prosesa, chipu kuu ya laptopu, ni kesi nyingine. Nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe, hivyo ulichoongeza kinapotea. Hapo kupunguza volti hushinda waziwazi: kasi ileile, joto pungufu. Bahati mbaya, laptopu nyingi za Intel zimefungiwa mpangilio huo.

Yoyote ukiizidisha, mashine huganda. Rudi hatua moja nyuma.

Kwa matunzo, anayeongeza kasi asafishe feni mara kwa mara. Laptopu ya mtumba nisingeigusa kabla ya kubadilisha grisi ya prosesa, ile inayopitisha joto lake.

Una kiyoyozi na chaja yake halisi? Ongeza kasi ya kadi, prosesa iache. Unachezea chini ya bati Mabatini saa nane mchana? Punguza volti.