Uzoefu wangu: transiva za SFP za kiwanda kingine, kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji

Huu ni mwezi wa nne tangu niunganishe ofisi yetu ya Kigoma mjini na ghala letu la Ujiji kwa uzi mmoja wa faiba. Ninaandika kwa ajili ya mafundi wenzangu wa huku ambao, wakikosea kuagiza kifaa Dar es Salaam, hulazimika kungoja mzigo mwingine usafiri zaidi ya kilomita 1,200.

Nilinunua jozi mbili za transiva za SFP, yaani moduli ndogo za kuchomeka kwenye swichi au ruta zinazogeuza ishara za umeme kuwa mwanga wa faiba na mwanga kuwa umeme, zisizotengenezwa na kiwanda cha swichi yetu wala cha ruta, kwa bei iliyo chini sana ya zile zenye chapa ya swichi yenyewe. Ni za aina inayotuma na kupokea kwa uzi mmoja: moja hutuma mwanga wa nanomita 1310 na kupokea wa 1550, na mwenzake hufanya kinyume, kwa kasi ya gigabiti 1 na umbali usiozidi kilomita 20. Ukifunga mbili zinazofanana hazitaonana kamwe, kwa hiyo tazama lebo kabla hujasaini kupokea mzigo.

Ghalani tuna ruta ya MikroTik, nayo iliikubali transiva yake papo hapo. Mjini haikuwa hivyo. Swichi, ambayo ni ya chapa nyingine, iliisoma moduli, ikaandika kwamba haiitambui, kisha ikalifunga tundu. Nilisafisha vichwa vya LC (viunganishi vya ncha za faiba), nikabadilisha waya mfupi wa kuungia, na karibu siku nzima ikapotea nikidhani faiba imekatika njiani, ilhali mwanga haukuwa na kosa lolote.

Umbo la SFP na pini zake vimewekwa kwa makubaliano ya watengenezaji wengi, ndiyo maana moduli ya kiwanda chochote huingia katika tundu la kiwanda chochote. Lakini ndani ya kila moduli mna chipu ndogo ya kumbukumbu iliyoandikwa jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa na namba ya utambulisho, na zipo swichi zinazosoma maandishi hayo kwanza na kukataa yasiyo katika orodha yao. Kwa hiyo muuzaji anaposema transiva yake inaoana, mwulize inaoana na nini. Transiva mbili za chapa tofauti huelewana vizuri maadamu urefu wa mawimbi, kasi na aina ya faiba vinalingana. Kinachobaki ni kila moja kukubaliwa na kifaa ilichochomekwa. Mimi niliagiza zote nne zikiwa na msimbo mmoja, yaani maandishi yale yale ya chipu, na muuzaji, aliyekuwa na modeli za vifaa vyote viwili mkononi, hakuniuliza neno. Kwa hilo nimempunguzia alama.

Hata hivyo alipokea transiva mbili za mjini bila ubishi, akaziandika msimbo mpya na kuzirudisha baada ya siku 9. Swichi ilizikubali, ila taa ya kiungo haikutulia, kwa sababu tundu lenyewe ni la SFP+ la gigabiti 10. Nilipoweka kasi ya gigabiti 1 kwa mkono pande zote mbili, ikatulia. Msitegemee kila tundu la gigabiti 10 kushuka hadi 1; someni kwanza maelezo ya kifaa.

Tangu hapo sijapoteza kiungo hata mara moja. Ujiji hupokea mwanga wa takriban dBm -11 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga), na kipimo hicho, ambacho moduli hukitoa yenyewe pamoja na joto lake, hakijabadilika tangu wiki ya kwanza.

Ningezinunua tena, kwa sharti la kuandika katika oda modeli ya kifaa cha kila upande na toleo la programu yake, kwa kuwa sasisho la programu linaweza kuikataa moduli iliyokuwa ikifanya kazi jana. Jozi ya akiba nimeijaribu pande zote mbili kabla ya kuihifadhi, na kila moduli nimeibandika karatasi yenye jina la kifaa chake.