TAHADHARI: vidonge vya kupunguza kitambi vinavyouzwa WhatsApp na Instagram

Muuzaji akikwambia "ni mitishamba tupu, havina madhara", usimtumie hela. Vidonge na chai za aina hii zilizopimwa maabara katika nchi mbalimbali zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Kwenye pakiti haiandikwi.

Utaijua kwa dalili zake: njaa inakata, mdomo unakauka, usingizi unapotea, moyo unakwenda mbio, presha inapanda. Muuzaji atasema mwili unatoa sumu. Si kweli, na kwa mwenye presha au anayetumia dawa za sonona ni hatari kubwa.

Hata chapa halali hughushiwa. Januari 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu alli bandia iliyouzwa mtandaoni. Alli ni chapa halali ya orlistati, dawa ya kupunguza uzito; ile bandia badala ya orlistati ilikuwa na sibutramini. Kapsuli halisi ya alli ina chembe ndogo nyeupe za duara. Ile bandia ilikuwa na unga, na boksi la nje halikuwa na namba ya toleo.

Orlistati ya miligramu 60 humezwa moja kwa kila mlo wenye mafuta, zisizidi 3 kwa siku. Inazuia takriban robo ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, basi. Haikati njaa wala haikesheshi mtu. Ikifanya hivyo, ulichouziwa si orlistati.

Mfamasia kabla ya kukupa orlistati atakuuliza kama una mimba au unanyonyesha, na kama unatumia warfarini (ya kuzuia damu kuganda), siklosporini (ya kushusha kinga ya mwili, mfano kwa waliopandikizwa figo), ARV au dawa ya kifafa. Dawa ya tezi ya shingo (levothairoksini) ataitenganisha nayo kwa saa 4, na multivitamini atakwambia umeze wakati wa kulala, maana vitamini A, D, E na K hutoka pamoja na mafuta. Ukiharisha sana, vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifanye kazi. Muuzaji wa mtandaoni anauliza kilo zako na namba ya kupokelea mzigo tu!

Umeshanunua? Acha kumeza leo. Usitupe pakiti, ipeleke famasi iliyosajiliwa, kisha toa taarifa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania, au Bodi ya Famasi na Sumu kwa Kenya. Kifua kikibana, mdomo ukipinda au mkono ukiishiwa nguvu, nenda hospitali papo hapo na pakiti mkononi.