MGB: chuma kwanza, injini baadaye

Anayeuza MGB, gari la michezo la zamani la Uingereza, atakufungulia boneti kwanza. Atawasha injini, utasikia mngurumo mzuri, utaona kabureta mbili zilizong'arishwa, na macho yako hayatashuka tena chini ya milango. Geuza utaratibu huo. Injini ya gari hili ni ya kizamani, ngumu na rahisi kufungua, na spea zake bado zinatengenezwa. Kinachomaliza pesa ni bodi, kwa sababu MGB haina chesisi ya kujitegemea: bodi yenyewe ndiyo chesisi. Ikioza chini, gari limeoza, rangi ing'ae namna gani.

Magari haya yaliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya 500,000. Wingi huo ni silaha ya mnunuzi, maana huna haja ya kung'ang'ania la kwanza unaloonyeshwa. Karibu yote yana injini ya silinda nne, cc 1,798. Kwa kasi usitarajie maajabu. La miaka ya mwanzo huchukua sekunde kama 12 kufika maili 60 kwa saa, na gari dogo la familia la leo litaliacha. Raha yake iko kwenye usukani unaokueleza barabara ilivyo, gia zinazoingia kwa mkono mfupi, na mlio wa ekzosi.

Basi lala chini. Beba tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa laini, bisibisi butu na nguo usizozionea huruma. Zinazobeba gari ni boriti za pembeni, zile zinazopita chini ya milango. Kila upande una tabaka tatu: bati la nje linaloonekana, bati la katikati lisiloonekana kabisa, na bati la ndani linaloshikana na sakafu. Chini yake kuna reli nyembamba yenye meno kama ukuta wa ngome, na mapengo kati ya meno hayo ndiyo njia ya maji kutoka. Hapo ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Ukikuta mapengo yamezibwa kwa kuchomelewa au kwa lami, maji yanakaa ndani na bati la katikati linaliwa bila wewe kujua.

Kubadilisha boriti hizi sawasawa kunadai kufungua fenda ya mbele na kukata sehemu ya chini ya fenda ya nyuma, kwa sababu bati la nje linapita nyuma ya fenda zote mbili. Fundi asiyetaka kazi hiyo huchomelea bati jipya juu ya lililooza, kutoka fenda hadi fenda, kisha anapaka puti. Alama yake ni mstari wa kuchomelea unaoishia pale pale fenda inapoanza, au ukingo wa chini ulio mnene kuliko inavyopaswa. Pitisha kidole nyuma ya ukingo. Chuma kilichorundikwa tabaka juu ya tabaka hujulikana kwa kushikwa.

Sasa milango. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, tazama nafasi kati ya mlango na fenda ya nyuma. Iwe sawa juu na chini. Ikiwa nyembamba juu na pana chini, gari limelegea kiunoni. Kisha pandisha upande mmoja kwa jeki, taratibu, mikono na miguu ikiwa mbali na uvungu, na ufungue mlango. Ukikwama, au nafasi ikibadilika machoni pako, aga na uondoke. Hakuna punguzo la bei linalolipa kazi hiyo, kwani kabla ya kukata chochote bodi lazima inyooshwe na ishikiliwe kwa vyuma vya muda, la sivyo itachomelewa ikiwa imepinda na itabaki hivyo. Kipimo hiki kina nguvu zaidi kwa gari la wazi. Toleo la GT lina paa la chuma linalosaidia kubeba, kwa hiyo linaweza kuoza sana chini huku milango ikifunga vizuri.

Nyuma ya gurudumu la mbele, ndani ya fenda, kuna bati la kuzuia matope lenye ukingo wa mpira. Mpira ukifa, matope yanapita na kulala nyuma yake miaka na miaka, yakishika unyevu. Yanakula kona ya chini ya fenda, mwisho wa boriti na nguzo ya bawaba za mlango. Fenda za mbele zimefungwa kwa bolti, hazitishi. Za nyuma zimechomelewa na ni kazi kubwa. Kagua pia mahali springi za bapa zinapoanzia, mbele ya gurudumu la nyuma, na masanduku ya betri yaliyo nyuma ya viti. Watu husahau betri zipo huko, asidi ikavuja, sanduku likatoboka. Inua kifuniko na uangalie kwa macho yako. Inua na zulia. Sakafu mpya si dhambi, lakini uliza kwa nini iliwekwa mpya na boriti zikaachwa za zamani.

Ufa mdogo kwenye bati la mlango, chini ya nguzo ya kile kioo kidogo cha mbele, ni ugonjwa unaojulikana wa MGB. Nguzo ile hutikisika na bati linachoka. Usiogope, ila ujue puti haiuzibi. Ufa hurudi usipochomelewa na kutiwa bati la kuimarisha kwa ndani. Na ukiona sumaku haishiki boneti ya gari la miaka ya 60, usimtuhumu muuzaji. Boneti za wakati huo zilikuwa za alumini.

Chuma kikikuridhisha, ndipo uende kwenye injini, na uikute ya baridi. Ukifika ukakuta imeshapashwa moto, jiulize kwa nini. Iwashe, uiache ipate joto, uendeshe angalau dakika 20, kisha soma mshale wa presha ya oili. Katika mwendo wa kawaida inatakiwa 50 hadi 80 PSI, na injini ikinguruma bila kukanyagwa 10 hadi 25. Presha nzuri injini ikiwa ya baridi haina maana yoyote, hata iliyochakaa huipata. Moshi wa buluu ukitoka unapokanyaga, ringi zimeisha. Ukitoka unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa umeachia mafuta, miongozo ya vali inapitisha oili, na hilo ni tatizo jepesi zaidi. Kipimo cha mgandamizo kikisoma karibu 160 PSI kwa injini ya mgandamizo wa juu ni afya. Muhimu kuliko namba yenyewe ni silinda zote nne zikaribiane. Tofauti ikipita asilimia 10, tafuta sababu.

Sauti ya kugongagonga kwa juu ni ya kawaida kiasi, kwani vali zinaachiwa nafasi ya inchi 0.015 injini hii. Injini iliyokimya kabisa ndiyo ya kutilia shaka. Petroli isiyo na risasi hula viti vya vali za ekzosi ambavyo havikuimarishwa: vali inazama kidogo kidogo, na nafasi ile inazidi kuziba. Uliza kama silinda hedi iliwekewa viti vigumu, na utake risiti. Injini ya mwishomwisho wa uzalishaji huweza kuendelea kukohoa baada ya kuzimwa. Mara nyingi ni kaboni ndani ya chemba au petroli ya okteni ndogo. Oili kidogo nyuma ya injini, hasa zile za miaka ya mwanzo, isikukoseshe usingizi. Kinachohesabika ni kiasi: tone baada ya safari ni desturi, kidimbwi ni gharama.

Kabureta mbili za SU zina sifa mbaya zisizostahili. Toa chujio za hewa, inua pistoni ya kabureta kwa kidole, iachie: inapaswa kushuka bila kukwama na kugonga "tok" chini. Isipogonga, sindano haiko katikati. Kisha tikisa shafti ya kipepeo, kile kilango cha hewa, juu na chini. Ikicheza, inavuta hewa ya wizi, na hakuna marekebisho yatakayoifanya injini itulie hadi ibadilishwe. Ongeza na oili kwenye kile kikombe cha juu, ambacho wamiliki wengi hawajui hata kuwa kinafunguka. Magari ya soko la Marekani kuanzia 1975 yalipewa kabureta moja ya Zenith-Stromberg na nguvu zikapungua sana. Mengi yamesharudishiwa SU mbili, na hayo ni maboresho, si kuchezea.

Gia boksi ya kabla ya mwisho wa 1967 haina sinkro (kifaa kinachoruhusu gia kuingia bila kusaga) kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo kusaga ukiiingiza gari likitembea ni kosa la dereva. Kosa la gia boksi ni gia ya tatu kuruka unapoachia mafuta, jaribu mteremkoni. Klachi isikilize vizuri. Beringi yake ni ya grafaiti, haina gololi, na huisha upesi kwa dereva anayekalia pedali kwenye foleni. Yenyewe ni ya bei ndogo, lakini kuifikia ni lazima injini ishushwe. Zingatia hilo mtu akikuambia "ni klachi tu".

Ovadraivu itafute, inastahili kulipiwa zaidi. Hupunguza mizunguko ya injini kwa karibu moja ya tano ukiwa gia ya nne, na safari ndefu bila hiyo ni kelele tupu. Ijaribu injini ikiwa moto: iingie na kutoka papo hapo. Isipoingia, mara nyingi ni waya, swichi, solenoidi au oili iliyopungua. Lakini wewe ujadili bei kana kwamba imekufa.

Kishindo nyuma unapoachia klachi hutokana na washa za ndani ya difu, krosi za propela shafti, au meno ya habu kama gari lina rimu za spoku. Omba gurudumu moja litolewe. Meno mazima yana kilele bapa. Yaliyochongoka kama ya msumeno yamekwisha, na hapo habu na rimu vyote hubadilishwa pamoja. Spoku zigonge moja moja kwa bisibisi. Inayotoa sauti butu imelegea.

Mbele, kingpini, zile pini ambazo magurudumu hukatia kona kwazo, zinataka grisi kila maili 3,000, nipeli tatu kila upande, na hakuna kitu kinachosahaulika kama hicho. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingpini. Shokomzoba ni za mkono, na zile za mbele ndizo pia mkono wa juu wa kubebea gurudumu, kwa hiyo inayovuja oili si suala la kudundadunda peke yake.

Umeme ni mwepesi, fyuzi ni chache mno, na matatizo mengi ni ethi, yaani waya za kurudisha umeme kwenye bodi, zilizoshika kutu. Magari ya hadi 1967 yana dainamo, na upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi. Ukifunga redio ya kisasa bila kujua, unaiunguza. Mengi yana betri mbili za volti 6. Moja ikifa, huwa zote mbili zinalaumiwa.

Linganisha namba ya bodi na karatasi. GHN ni gari la wazi, GHD ni GT, na GHN kwenye gari lenye paa la chuma ni swali linalohitaji jibu. Jumba la makumbusho la British Motor Museum, Gaydon, hutoa cheti chenye rangi ya awali, namba ya injini na tarehe ya kuundwa. GT V8 ya lita 3.5 ilitoka kiwandani kati ya 1973 na 1976, magari 2,591 tu, na nakala zilizotengenezwa gereji ni nyingi. Nakala inaweza kuwa gari zuri sana. Isilipiwe bei ya halisi.

La kuchagua? Lenye bampa za kromu la 1968 hadi 1974: sinkro gia zote nne, oltaneta, na kimo cha chini. Mwishoni mwa 1974 zilikuja bampa za mpira mweusi, gari likainuliwa, na magari ya wazi ya 1975 na 1976 hayakupewa hata fito ya kuzuia kuyumba, ndiyo maana hulala sana kwenye kona. Yaliyotoka baada ya hapo yalirudishiwa fito mbele na nyuma, na kwa bei yake hayo ndiyo mapatano mazuri kwa anayetaka kuendesha kuliko kuonekana. Ukikuta la mpira limevishwa kromu, rudi chini kwa tochi. Bampa zenyewe si hoja. Swali ni kama mhimili wa mbele nao ulibadilishwa ili gari lishuke, au springi zilikatwa kwa moto.