Rivyu: Gereji iliyonitilia injini ya dizeli ya 1HZ kwa pikapu ya FJ45

Wacha nianze na jibu ju najua wengi mnataka hilo tu. Kazi ya injini nawapa tisa kwa kumi, kazi ya waya nawapa tano, na hiyo tano kuna huruma ndani. Jina la gereji siweki ju kuna mahali nitawalaumu, ila iko Industrial Area ya Nairobi, zile za ndani kabisa nyuma ya magodauni, geti la mabati, na nje hukosi kupata Land Cruiser zimekaa bila bonet.

Gari yangu ni FJ45, Land Cruiser pikapu ya zamani ya taa za duara. Injini aliyozaliwa nayo ni 2F, petroli, silinda sita, lita 4.2. Ni injini ngumu sana, haikuwahi kunilaza njiani, shida ni kwamba lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita nne ikiwa na mudi nzuri, na ukikwama kwa jam ya Jogoo Road jioni unaona geji ikishuka hivi hivi. Kwa bei ya petroli ya sasa hiyo si gari, ni mtoto wa boarding.

Gereji ya kwanza niliyouliza walitaka kunitilia 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3 yenye tabo (turbo, ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) inayotoka kwa Surf na Prado. Bei ilikuwa chini, lakini pampu yake inaendeshwa na kompyuta, ina sensa huku na kule, sasa unachukua gari ambayo fundi yeyote wa Isiolo anaweza kuitengeneza na spana mbili unaipachika ubongo wa umeme. Hawa wa Industrial Area hata kabla sijamaliza kueleza fundi mkuu akasema, "Mkubwa, hii chesisi inataka 1HZ, usinisumbue na ingine." Na nikaona ana pointi. 1HZ nayo ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, Toyota waliileta 1990, haina tabo, pampu ni ya chuma na springi tu, na ndiyo imejaa kwa Land Cruiser za watalii na za mashirika kila kona ya Kenya, kwa hivyo spea unapata Kirinyaga Road bila kuzunguka. Msidanganywe eti utapaa. Ukiweka 2F na 1HZ kwa karatasi nguvu zinakaribiana, zote ziko pale farasi 130. Unachobadilisha ni unywaji, na ile giaboksi ya H55F ya gia tano inayokuja nayo, ju ya zamani ilikuwa na nne na kwa barabara kuu ilikuwa inalia mpaka redio husikii.

Sasa mahali walinifurahisha. Injini ilikuwa ya kutoka Japan, na ilikuja na EGR, mabomba ya vakyumu kila mahali na vivalvu vidogo vya umeme. EGR kazi yake ni kurudisha moshi kiasi kutoka egzosi uingie tena na hewa safi, joto ndani ya silinda lishuke, ndiyo zile oksidi za naitrojeni zipungue. Wazo ni zuri, lakini kwa injini ya miaka hii masizi ya EGR yanakutana na mvuke wa oili kutoka kwa bridha, yaani bomba la kupumulia la injini, vinagandana ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa inakuwa lami. Waliifungua nikiwa hapo, ile njia ya hewa ilikuwa imebaki nusu. Wakaiosha, wakakata kipande cha chuma na gasketi wakaziba, vile vivalvu wakatoa, mabomba yote yakaondoka yakabaki yale ya kazi. Nilitarajia wang'oe pia bomba la bridha liangalie chini barabarani kama vile wengi hufanya, wakakataa kabisa, eti hilo linabaki limefungwa kwa hewa inayoingia ju ukiliachilia unanusa oili kwa kabini na chesisi yote inalowa. EGR yenyewe wakanipea kwa katoni, kama sheria itabana siku moja nairudishe. Na ukweli usemwe, bila EGR gari inatoa oksidi za naitrojeni zaidi, hiyo hakuna fundi anaweza kukuficha, mimi nimeamua hivyo nikijua.

Kitu kingine ni kile kikopo juu ya pampu kinachopunguza dizeli ukipanda milima. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini bila tabo ikipewa kipimo cha dizeli cha Mombasa hapa inatema moshi mweusi tu. Mafundi wengi wanakitoa halafu wanafungulia skrubu ya pampu, unaambiwa gari imeamka. Hawa walikiacha, wakapeleka pampu na injekta kwa mtu wa mashine zikapimwa. Nimepanda ile escarpment ya Mai Mahiu na magunia ya viazi nyuma, gia ya tatu polepole, kwa kioo sikuona wingu.

Breki pia walifikiria, ju dizeli haina vakyumu ya kuvuta busta kama petroli, wakaunga pampu ya vakyumu iliyokuja na injini. Tangi wakashusha wakaosha, wakaweka chujio ya kutenga maji. Propela (shafti ya kupeleka nguvu kwa magurudumu) ya nyuma ikafupishwa, ya mbele ikaongezwa, zikabalansiwa.

Halafu waya. Jameni. Waya zilizochomekwa na kufungwa tepu nyeusi, rangi haifuatani, hita plagi (ya kupasha injini moto kabla ya kuwasha) wameiunga na swichi ya kengele ya nyumba, na geji ya joto ilikuwa inasoma baridi gari ikiwa imechemka kwa sababu sensa ya 1HZ na geji ya zamani haziongei. Nililalamika wakabadilisha sensa, lakini zile waya nilipeleka kwa fundi mwingine wa umeme nikalipa upya. Na muda, ukiambiwa wiki tatu panga miezi.

Pesa: injini na giaboksi laki nne na kitu, kazi laki moja na nusu, ukiongeza propela, pampu na radieta unakaribia laki saba. Sasa napata kilomita saba, nane nikiwa mpole, kwa lita.

Karatasi wanakusaidia kiasi, yaani wanakupa lisiti ya injini na za forodha, basi. Usiondoke bila hizo, ju kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lazima namba mpya ya injini iingie kwa logbook, na gari inapelekwa inspekshen. Angalia namba iliyopigwa kwa bloku na iliyo kwa karatasi zifanane kabla hujalipa hata dipoziti.

Jumapili wamefunga. Na kama unataka 2F yako ifufuliwe ibaki petroli usiende kwao, kabureta hawagusi na watakucheka.