Mwalimu aliniambia "hapa si ngomani", na ada nimelipa

Nina wiki kadhaa najizuia kuandika haya, leo nimeshindwa. Ni darasa moja la jioni hapa mjini Mombasa, la misemo ya Kiingereza ya pesa na matumizi ya nyumbani. Jina silitaji.

Mimi ni mpishi wa nyumba moja Nyali, na sokoni naenda mimi. Siku moja mama mwenye nyumba akaniambia mwezi huu "we must tighten our belts". Nikasikia mkanda, nikasikia kukaza, nikajua ananitaka nijifunge kibwebwe nichape kazi. Siku hiyo nilisugua nyumba nzima, nikafua na mapazia, kisha nikaenda Kongowea nikarudi na vikapu vimefurika kama kawaida. Alipoona hesabu, uso ukambadilika. Kumbe alitaka nibane matumizi! Usiku ule sikulala kwa aibu. Ndiyo nikaenda kujiandikisha.

Basi nikitoka kazini, kabla ya kuvuka feri kurudi Likoni, napita darasani. Siku za mwanzo tu mwalimu akaandika ubaoni msemo ule ule. Moyo ukanidunda. Nikanyosha mkono, nikasimama, nikaanza kueleza kwamba sisi wanawake wa pwani tukisikia kukaza kiunoni tunafikiria kibwebwe. Nilikuwa naelekea kusema kwamba hapo ndipo nilipokosea. Hakuningoja.

"Mama, hapa si ngomani. Keti."

Darasa zima likaangua kicheko. Vijana wa umri wa wanangu.

Kibwebwe ni kanga unayojikaza kiunoni kazi ikiwa mbele yako, iwe ni kutwanga au sufuria za pilau ya arusi, na ngoma pia, ndiyo, sikatai. Mkanda wa Waingereza ni wa njaa: chakula kimepungua, tumbo limeingia ndani, suruali inateremka. Somo lenyewe lilikuwa hapo, kwenye tofauti hiyo, na mimi nilikuwa nalo mdomoni.

Kufundisha anajua, siwezi kumdhulumu. Siku ya "penny wise and pound foolish" alitueleza kwamba Uingereza, kabla ya 1971, pauni moja ilikuwa peni 240. Sasa mtu ahesabu peni moja moja, huku pauni nzima inamponyoka! Nikauona mkaa wangu. Kila jioni nanunua mkebe mmoja kwa kuogopa bei ya gunia, na nikijumlisha, mikebe imeshapita gunia. Mwezi ule ule nikanunua gunia. "In the red" akasema ni wino mwekundu wa vitabu vya hesabu, ule wa kuandikia hasara. Na "live from hand to mouth" hata sikungoja atafsiri, hicho ni kijungujiko, nakijua tangu utoto.

Juzi mama mwenye nyumba akanitajia "rainy day", yaani siku ya mvua. Sikukimbia kuanua nguo kambani. Nikamwambia ndiyo, tutenge akiba kidogo kwenye pesa ya soko. Alifurahi sana, nami nikafurahi zaidi yake.

Nilikaa hapa niwaambie msiende. Sasa naona kwa masomo yale, nendeni, hela yenu haitapotea. Lakini nikikumbuka kile kicheko hasira zinanipanda upya. Mtu mzima ametoka kazini na miguu imevimba, analipa kwa jasho lake, halafu aambiwe akae kama mtoto? Hapana. Kama una roho nyepesi, usiende. Au nenda na mwenzako, msimame pamoja.

Mwalimu, ukiyasoma haya utajijua. Njoo uniombe radhi mbele ya wale wale walionicheka, kisha uniache nimalize jibu langu.