Jeep Cherokee ya zamani injini imekufa, uweke gani? Nilichochagua mimi hapa Mwanza

Habari zenu wadau, karibuni tena, leo niko gereji hapa Nyakato, mtasikia gurinda huko nyuma kuna jamaa wanachomelea bodi ya Fuso na kazi yao haiwezi kusimama kwa ajili yetu kwahiyo tuvumiliane. Leo ni ile video mliyoiomba sana, ya injini ya Jeep.

Sogeza kamera hapa chini kwanza. Mnaona hilo tundu? Hiyo ni bloku ya gari langu, Cherokee XJ ya 1998, silinda 6 mstari mmoja, lita 4.0. Kidole gumba kinaingia chote, na humo ndani mkimulika na tochi mnaona kabisa kipande cha konrodi, ile fito inayoshika pistoni, kimelala kwenye sampu, lile karai la oili la chini. Konrodi ilikatika ikatoboa bloku, nikiwa natoka Bunda, tumeshapita Lamadi tunaitafuta Magu, taa ya oili ikawaka na kabla sijapata pa kuegesha nikasikia mlio kama nyundo kwenye bati. Chanzo ni oili. Hizi 4.0 zinavuja pale kwenye kishikio cha filta ya oili, kuna o-ringi ndani zinakauka, oili inatambaa na bloku mpaka nyuma ukiangalia chini unasema ni siili ya krenki, na mi nilisema hivyo hivyo, nikawa naongeza tu oili kila wiki mpaka siku niliyosahau. O-ringi ni vitu vidogo sana jamani, naumia mpaka leo.

Sasa kabla hujafikiria injini nyingine hakikisha ya kwako imekufa kweli, maana nimeona watu wanauziwa injini wakati ishu ni sensa. Gari hizi zina sensa ya krenki, imekaa juu ya belhauzi, pale injini inapoungana na gia boksi, kule nyuma ambako mkono unaingia kwa shida, ikichoka inakata moto ikipata joto. Unaendesha vizuri, gari inazima yenyewe, stata inazungusha lakini haiwaki, unakaa nusu saa unakunywa soda, inawaka kama hakuna kitu. Hiyo siyo injini imekufa! Badilisha sensa kwanza.

Na kama fundi anakwambia imekufa mwambie apime kompresheni, yaani presha ya mgandamizo, silinda moja moja, plagi zote zimetolewa, injini ya moto. Kitabu cha Jeep kwa 4.0 kinataka psi 120 mpaka 150, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 30. Ukikuta mbili zinazopakana ziko chini kwa pamoja na zingine zote nzima, hapo mara nyingi ni gasketi imeungua katikati yao, unafungua hedi unaipeleka mashine shopu wanaisaga, unarudisha. Ukikuta ziko chini halafu ukidondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi kipimo kinapanda basi ringi zimechoka, hiyo ni ovahoo, yaani kuifungua na kuisuka upya, na bloku hii ni ya chuma nzito, inarebolewa vizuri tu. Ovahoo ya injini yako mwenyewe mi naiweka ya kwanza siku zote kama bloku ni nzima. Yangu ina tundu kwahiyo hiyo njia ilishafungwa.

Haya, sasa tuje kwenye mjadala wenyewe. Ukiwa na gari ya Kimarekani Mwanza kila fundi anakwambia bosi weka Toyota. Na siwalaumu, spea za Toyota unazipata hata Sengerema saa moja usiku, na fundi yeyote anaijua. Nimekaa na hilo wazo wiki tatu nzima. Wengi walinitajia 2JZ-GE, ile ya lita 3.0 ya kwenye Crown na Mark II, na ukisikiliza ni kama imeumbwa kwa ajili ya hii gari, nayo ni silinda 6 mstari mmoja na nguvu inaizidi 4.0 ambayo ni hosipawa 190. Tena gia boksi ya Cherokee yangu, AW4, imetengenezwa na Aisin ya Japani, ni ndugu wa damu na A340 inayokaa nyuma ya hizo JZ. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni kuchomoa na kuchomeka.

Njoo uone huku upande wa usukani. Gari yangu ni ya mkono wa kulia, ilitoka Japani, kule miaka ya 90 Cherokee ziliuzwa mpaka kwenye maduka ya Honda ndo maana za mkono wa kulia zipo nyingi nyingi. Hii 4.0 ekzosi yake iko kushoto, mbali na fimbo ya stelingi. JZ ekzosi yake iko kulia. Maana yake bomba la moto linapita hapa, hapa hapa kwenye fimbo ya stelingi na pampu ya breki, nafasi niliyopima ni upana wa viganja viwili vya mkono. Inawezekana, kuna jamaa yangu wa Buswelu kafanya, ila katengenezesha manifoldi upya na kuweka ngao ya bati, na bado kilima cha Bugando akikipanda kwa foleni anasema anasikia joto kwenye pedali.

Halafu sampu. Hii gari mbele ina ekseli nzima kama lori, inapanda na kushuka chini ya injini kila ukipita shimo, na difu imekaa kushoto. Sampu ya 4.0 tumbo lake liko nyuma ndo maana haigusani na ekseli. Ukileta injini yenye tumbo sehemu nyingine itabidi sampu ikatwe ichomelewe upya, na bomba la kunyonya oili libadilishwe, na hapo ndipo napoogopa kabisa, maana injini yangu imekufa kwa oili, siwezi kulala usingizi nikiwa na sampu ya kuchomelea ambayo sijui inanyonyaje gari ikiinama.

Bado waya. Kontrol boksi ya Jeep inaongea na gia boksi, ukileta injini na kontrol boksi yake lazima ununue hafukati, ile nusu ya mbele ya gari, yenye kila kitu, waya hazijakatwa, na umpate fundi umeme anayesoma michoro, siyo wa kubahatisha na taa ya kupimia. Jamaa yangu wa Buswelu geji ya temperecha haisomi mpaka leo, na gari ambayo haikuambii joto kwa barabara zetu ni hatari.

Dizeli nako nilienda. 5L, dizeli ya Toyota, nimeipenda kwa moyo wote, haina umeme mwingi, pampu ya mafuta ni ya kawaida, fundi wa Ukerewe anaifungua bila skana. Lakini ni injini ya hosipawa kama 100 hivi na gari ina uzito karibu tani moja na nusu, na tukumbuke hapa ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu ukilinganisha na Dar. Ukiweka familia na gunia mbili za mchele wa Magu utaipanda milima kwa gia ya pili. 1KZ-TE, dizeli nyingine ya Toyota, ina tabo, inavuta vizuri, ila hedi yake haivumilii kuchemka hata mara moja, inapasuka, na ukinunua iliyotumika hujui ilichemka mara ngapi huko ilikotoka.

Kwahiyo nilichochagua ni 4.0 nyingine. Nimeitoa kwenye Grand Cherokee ZJ ya 1997 iliyogongwa nyuma, injini ni ile ile, inakaa kwenye maunti zile zile bila kuchomelea hata kidogo. Nilihamisha alternata, pampu ya stelingi, manifoldi na sensa zangu zote, na ile sahani ya nyuma ya krenki inayoshika tokikonveta usisahau kutumia ya gari yako, maana ZJ nyingi zina gia boksi ya Chrysler siyo Aisin, hazilingani. Siku tatu gari ilikuwa inawaka. Jamaa yangu na JZ yake miezi minne.

Ila 4.0 nazo siyo zote sawa na hapa mnisikilize vizuri. Za 1987 mpaka 1990 umeme wake ni tofauti kabisa na za 1991 kuja juu, usichanganye. Za 2000 na 2001 hazina distribyuta na nyingi zina hedi yenye namba 0331, namba iko kwenye chuma cha hedi yenyewe, hizo zinapasuka katikati ya silinda ya 3 na ya 4, maji yanaingia kwenye oili. Mi nilitumiwa moja ya hivyo kutoka Dar na muuzaji aliyeniapia ni nzima, nikafungua kifuniko cha oili nikakuta uji mweupe kama chai ya maziwa, nikamulika na tochi ufa unaonekana. Hela ya usafiri haikurudi. Tangu siku hiyo situmi hela kwa picha, naenda mwenyewe, kama injini imekuja na belhauzi na stata naipiga stata pale pale chini, geji ya kompresheni ninayo mfukoni. Hii ya ZJ ilinipa 140, 138, 142, 135, 140, 137, nikalipa bila kubishana.

Bei sizitaji, kila kontena lina bei yake, ila dai risiti na karatasi za injini, maana kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha nenda TRA warekebishe, usisubiri trafiki wa Usagara akuulize. Na rejeta usirudishe ile ya zamani iliyoziba, mi nimeweka mpya na feni klachi mpya siku hiyo hiyo.

Haya naiwasha. Sikilizeni... Hii geji nimefunga mwenyewe ya presha ya oili, kitabu kinataka isipungue psi 13 ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga, na kati ya 37 na 75 ukikanyaga kuzidi mizunguko 1600 kwa dakika. Injini ya moto hii, iko 24, nakanyaga, 48. Na hili boksi la kadibodi nimelilaza chini ya filta tangu jana jioni, o-ringi zote mpya, sogeza kamera karibu. Kavu.